Kwinini Katika Njia ya Tabora: Atomi Zilezile, Mpangilio Mwingine

Kilomita chache nje ya mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, lipo tembe la udongo ambamo David Livingstone na Henry Morton Stanley waliingia pamoja tarehe 18 Februari 1872, wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi kurudi pwani. Livingstone alibaki humo hadi tarehe 25 Agosti, akingoja wapagazi watakaompeleka kusini. Siku hizi nyumba hiyo ni makumbusho, na watu wakifika hupenda kusimuliwa habari za Wazungu wawili waliokutana. Mimi hunivuta zaidi sanduku la dawa. Kila msafiri wa Ulaya aliyepita njia hii alibebewa unga mweupe mchungu kama shubiri, kwinini, na sijapata hadithi nyepesi kuliko ya unga huo ya kuelezea jambo ambalo wanafunzi wetu wa kemia hulikariri bila kulielewa. Jambo lenyewe ni mimenyuko ya kujipanga upya: molekuli haipotezi kitu, haiongezewi kitu, lakini inatoka ikiwa kitu kingine kabisa.

Tuanze na sanduku. Tarehe 20 Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mpagazi mmoja alitoroka na mzigo uliokuwa na dawa zote za Livingstone. Nguo zikiibwa hununuliwa nyingine kwa mfanyabiashara wa mbele. Kwinini haikuwa ikiuzwa popote katika mbuga zile. Livingstone aliipokea habari hiyo kama hukumu ya kifo, na miaka iliyofuata, ya homa, ya kuhara damu na ya vidonda vya miguu, haikumpinga. Yeye mwenyewe alikuwa daktari, na zamani alikuwa ametunga vidonge vyake vya homa: kwinini iliyochanganywa na jalapa, kalomeli na rubabu, dawa kali za kuharisha. Wenzake waliviita kwa utani "viamsha watu". Katika mchanganyiko ule wote, kilichopigana na malaria kilikuwa kwinini peke yake.

Njia yenyewe ilitoka Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikafika Mpwapwa, ikavuka Ugogo penye kiu na hongo, yaani ushuru wa njia uliotozwa na watemi, ikaingia Unyamwezi hadi Tabora, ambayo zamani wageni waliiita Kaze. Hapo iligawanyika: tawi moja kwenda Ujiji na ziwa, jingine kwenda Karagwe na Buganda. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 kutoka pwani, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Walipoondoka kuelekea magharibi Burton hakuweza tena kutembea, akabebwa, na Speke macho yalimuuma hata Ziwa Tanganyika, walipolifikia Februari 1858, aliliona kama ukungu. Mwaka 1871 Stanley alitoka pwani na wasaidizi wawili wa Kizungu. William Farquhar akafia karibu na Mpwapwa, John Shaw akafia Kwihara. Stanley mwenyewe aliugua Kwihara hata akapoteza hesabu ya siku, na ndiyo sababu moja iliyofanya tarehe ya kukutana kwake na Livingstone ibishaniwe hadi leo. Mwaka 1873 Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, walipofika Unyanyembe, eneo lenye Tabora, na maiti ya bwana wao waliyoikausha kwa chumvi na jua, walimkuta msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron na msafara wake. Daktari wa msafara ule, W. E. Dillon, aliondoka nao kurudi pwani. Mwezi Novemba, akiwa amechoshwa na homa na macho, akajipiga risasi njiani. Alikuwa daktari, na sanduku la dawa lilikuwa karibu naye.

Na aliyelibeba sanduku alikuwa Mnyamwezi. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba begani mzigo wa kilo 30 na zaidi, kwa miezi mitatu hadi minne, na biashara yote ya pembe, ya nguo za merikani na kaniki, ya shanga na ya masango, ilikaa juu ya mabega hayo. Tutawahitaji tena hivi punde, maana hakuna mfano bora wa molekuli kuliko msafara wao.

Kwinini hutoka katika gome la sinkona, mti wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Kwa muda mrefu watu walikunywa gome lenyewe, limesagwa na kukorogwa katika divai, bila kujua kiasi cha dawa kilichomo. Mwaka 1820, mjini Paris, wafamasia Pierre-Joseph Pelletier na Joseph-Bienaimé Caventou walifaulu kuitenga kwinini peke yake. Mwaka 1854 Adolph Strecker akaithibitisha hesabu yake: kaboni 20, hidrojeni 24, nitrojeni 2, oksijeni 2. Jumla ni atomi 48.

Hesabu hiyo ndiyo iliyompoteza kijana mmoja wa London. William Henry Perkin alikuwa na umri wa miaka 18, mwanafunzi wa mkemia August Wilhelm Hofmann, na wakati wa likizo ya Pasaka ya 1856 alijifungia katika chumba cha majaribio nyumbani kwao akitaka kuitengeneza kwinini. Alifikiri hivi. Ipo kampaundi itokanayo na lami ya makaa ya mawe, yenye kaboni 10, hidrojeni 13 na nitrojeni 1. Ukichukua mbili utapata kaboni 20, hidrojeni 26 na nitrojeni 2. Ongeza oksijeni tatu, kisha toa molekuli moja ya maji, yaani hidrojeni mbili na oksijeni moja. Kinachobaki ni 20, 24, 2 na 2. Hesabu imetimia, bila shaka hii ni kwinini! Alipochanganya akapata tope jekundu la kahawia. Alijaribu tena kwa kampaundi nyingine nyepesi zaidi, anilini, akapata tope jeusi, na ndani ya tope hilo akaiona rangi ya zambarau ambayo ilimtajirisha na kuanzisha viwanda vya rangi za kemikali. Desemba ya mwaka uleule Burton na Speke walishuka Zanzibar, na kwinini waliyokuja nayo ilikuwa bado ya gome.

Perkin alikosea nini? Alihesabu watu wa msafara, hakuuliza nani anatembea nyuma ya nani.

Msafara wa Kinyamwezi ulikuwa na utaratibu. Mbele alikwenda kirangozi na bendera nyekundu, karibu naye mpiga ngoma, kisha wabeba pembe ambao ndio waliokuwa na heshima kubwa, kisha mizigo ya nguo na shanga, kisha vitu vidogovidogo. Sasa waza msafara huohuo, watu walewale na mizigo ileile, umefika kwenye lango la mtemi Ugogo. Kirangozi ajuaye lugha ya pale amewekwa mkiani, na nguo za kulipia hongo ziko nusu siku nyuma. Hakuna aliyetoroka, hakuna mzigo uliopungua, ukihesabu unapata idadi ileile. Lakini msafara huo hautavuka. Katika molekuli, atomi ndizo wapagazi, na kati ya jirani na jirani pana kifungo, ambacho ni elektroni mbili wanazoshikilia kwa pamoja. Anayebadilisha vifungo anabadilisha dawa kuwa sumu au sumu kuwa dawa, na mizani haitamwambia chochote.

Wakemia walikwisha kuona dalili ya jambo hili miaka thelathini kabla ya Perkin, na dalili yenyewe ilipita Tabora katika mikoba ya bunduki. Bunduki za misafara zilikuwa gumegume za jiwe, na nyingine zilikuwa za fataki, kile kifuniko kidogo cha shaba kinacholipuka nyundo ikigonga. Ndani ya fataki mlikuwa na fulminati ya zebaki. Katika miaka ya 1820 Justus Liebig alichunguza fulminati ya fedha, inayolipuka kwa kuguswa, na Friedrich Wöhler alichunguza sianati ya fedha, iliyotulia kama chumvi. Wakapima, na hesabu za atomi zikalingana. Liebig kwanza alidhani Wöhler amekosea. Ukweli ni kwamba katika sianati kaboni imekaa katikati, oksijeni upande mmoja na nitrojeni upande mwingine, na katika fulminati nitrojeni ndiyo iliyokaa katikati. Watu watatu walewale kwenye benchi, wawili wamebadilishana nafasi, na benchi linalipuka.

Kisha, mwaka 1828, Wöhler akaona benchi likijipanga lenyewe mbele ya macho yake. Alikuwa na sianati ya amonia, chumvi ya maabara isiyo na uhai wowote, akaipasha joto, ikageuka kuwa urea, ileile inayotoka katika mkojo wa watu na wanyama. Hakuongeza kitu. Kaboni moja, oksijeni moja, nitrojeni mbili na hidrojeni nne zilihama nafasi zao tu. Watu wa wakati ule waliamini kwamba vitu vya mwili hutengenezwa na nguvu ya uhai peke yake, na hapa chupa ya kioo ilikuwa imefanya kazi ya ini na figo. Mfuko wa mbolea ya urea anaoubeba mkulima wa mahindi wa Uyui au Sikonge kwenye baiskeli yake una kitu hichohicho, ingawa viwandani siku hizi hutengenezwa kwa njia nyingine.

Sasa turudi kwenye kwinini, maana yeye ndiye mwenye shughuli. Mwaka 1853 Louis Pasteur, ambaye bado hakuwa amejulikana kwa vijidudu na chanjo, alichukua kwinini, akaitia asidi ya salfa kidogo, akaipasha joto kwa muda. Alitoka na kitu kipya akakiita kwinisini, na akakitumia kama chombo cha kutenganisha asidi pacha, zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, kazi iliyompa sifa. Baadaye, karibu na mwisho wa karne ya 19, Wilhelm von Miller na Georg Rohde wa Ujerumani waligundua kwamba hata asidi dhaifu kama ile ya siki inatosha kuibadilisha kwinini hivyo, ukiichemsha sana, na wakaona kwamba kilichopatikana ni sumu. Ndipo jina la kwinotoksini likatokea. Hesabu ya kwinotoksini? Kaboni 20, hidrojeni 24, nitrojeni 2, oksijeni 2. Atomi 48, hakuna iliyotoroka.

Hapa naomba msomaji asitoke mbio, kwa sababu sehemu hii ndiyo nyama ya habari nzima, na haihitaji zaidi ya kuwa na picha kichwani.

Molekuli ya kwinini ina sehemu tatu. Upande mmoja pana bapa, pete mbili zilizoungana kama nyungo mbili zilizoshonwa ukingoni. Upande wa pili pana tenga, kizimba kidogo cha kaboni kilichofungwa pande zote, na kwenye kona moja ya tenga imekaa nitrojeni. Katikati, kama daraja, ipo kaboni moja iliyobeba oksijeni na hidrojeni. Daraja hilo limeshika bapa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine limeshika kaboni ya tenga iliyo jirani na nitrojeni. Umbo hili, bapa na tenga vikielekeana kwa namna moja tu, ndilo linaloiwezesha kwinini kumwingilia kijidudu cha malaria ndani ya chembe nyekundu ya damu.

Asidi ni mtoaji wa hidrojeni zenye chaji chanya. Ikifika, humbebesha nitrojeni wa kona ya tenga hidrojeni moja ya ziada. Nitrojeni aliyeelemewa huanza kuvuta elektroni kwake kutoka kwa majirani, na jirani anayevutwa zaidi ni ile kaboni inayoshika daraja. Kifungo kati yao hulegea. Joto linazitikisa atomi zote. Wakati huohuo kaboni ya daraja inaachia hidrojeni yake, na elektroni zilizoachwa zinakwenda kujaza pengo kati ya daraja na jirani yake. Kifungo cha nitrojeni kinakatika. Tenga limefunguka! Nitrojeni sasa inaning'inia kwenye pete ya kawaida, ina hidrojeni yake. Daraja nalo haliwezi kukaa hivyo: hidrojeni iliyokuwa juu ya oksijeni inaondoka, moja inatua kwenye kaboni jirani, na oksijeni inashikana na kaboni ya daraja kwa vifungo viwili. Wakemia huita kundi hilo ketoni, na kifungo chake kina nguvu sana. Ndiyo maana mabadiliko haya hayarudi yenyewe nyuma: molekuli imeteremka bondeni, na kupanda tena mlima kunahitaji kazi.

Hidrojeni zilizohusika zilikuwa tatu kabla na ni tatu baada ya hapo. Zimehama tu. Lakini tenga halipo, umbo limepotea, na homa haimwogopi tena.

Mimenyuko mingi ya kujipanga upya inafuata mwendo huu. Kwanza kitu fulani, mara nyingi asidi, joto au mwanga, kinasababisha upungufu mahali pamoja. Kisha jirani wa karibu anahama, na kifungo chake, kwenda kuziba upungufu ule. Mwisho molekuli inatulia katika umbo lenye raha zaidi kuliko la kwanza. Mwanafunzi wa kidato cha sita aliyepewa majina kumi ya Kijerumani ayakariri, Fittig wa 1860, Beckmann wa 1886, Claisen wa 1912, angeambiwa kwanza habari ya pengo na jirani, majina yangemjia baadaye bila kilio. Naamini hivyo kwa moyo wote, na naamini pia kwamba angeambiwa kwa Kiswahili asingechelewa.

Kafuri ni ushahidi wa karibu. Ile kafuri inayotiwa katika maji ya kuoshea maiti zamani ilitoka katika mti wa Asia ya Mashariki peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya Ujerumani vilianza kuitengeneza kutokana na utomvu wa msonobari. Utomvu una molekuli yenye pete iliyobanwa. Asidi huifungulia pengo, ubavu mmoja wa pete unahama kwenda kwa kaboni ya jirani, na mifupa ya msonobari inageuka kuwa mifupa ya kafuri. Egor Wagner wa Urusi na Hans Meerwein wa Ujerumani ndio walioufafanua mwendo huo, na Meerwein mwaka 1922 alieleza kwamba ile kaboni yenye pengo, yenye chaji chanya, ndiyo siri yote.

Na asali. Nani atazungumza habari za Tabora asitaje asali ya misitu ya miombo? Asali ikikaa muda mrefu, au ikipashwa moto na mfanyabiashara mwenye haraka, hugeuka rangi na ladha. Sukari ya glukosi hushikana na amino asidi kidogo zilizomo, kisha hidrojeni zinahama, na kaboni iliyokuwa na oksijeni na hidrojeni inakuwa ketoni. Je, hukumbuki? Ni hatua ileile iliyofuata tenga la kwinini lilipofunguka. Mario Amadori wa Italia aliielezea mwaka 1925, na inaitwa kwa jina lake. Nyama choma inapata rangi yake ya kahawia kwa kuanzia hapo. Ndani ya damu ya mtu mwenye kisukari glukosi inaishika himoglobini kwa mmenyuko huohuo, polepole, na daktari akikupima ile sukari ya miezi mitatu anahesabu ni himoglobini ngapi zimekwisha kujipanga hivyo.

Lakini nilikuwa kwenye njia ya misafara, na njia hiyo ilipata reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mapema mwaka 1914. Miezi michache baadaye vita vikaanza, Waingereza wakafunga bahari, na koloni la Ujerumani likabaki bila dawa kutoka nje. Wajerumani walikuwa wameanzisha taasisi ya utafiti Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na miongoni mwa miti waliyoipanda kule ilikuwamo sinkona. Gome likasafirishwa hadi Mpwapwa, kituo kilekile cha kale ambako Farquhar alikuwa amezikwa jirani, na hapo wakatengeneza vidonge vya kwinini. Tabora yenyewe ikawa makao ya serikali ya kikoloni mwaka 1916, na katika karakana ya reli zikafuliwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Majeshi ya Wabelgiji chini ya Charles Tombeur, ambayo askari wake wengi walikuwa Wakongo, yaliuteka mji tarehe 19 Septemba 1916.

Reli ilipopotea, kiwanda cha Mpwapwa kilipotea nayo. Jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck likakimbilia kusini na shehena ya gome, likawa linalichemsha katika masufuria na kuwanywesha wagonjwa mchemsho wake. Uchungu wake ulikuwa mbaya sana hata waliokunywa waliupa jina la kamanda wao, "Lettow-Schnaps", yaani gongo ya Lettow. Baada ya karibu karne nzima tangu Pelletier na Caventou, watu walirudi kwenye gome na sufuria. Waliobeba gome hilo walikuwa wapagazi, wengi kwa kulazimishwa, na katika vita vile wapagazi walikufa wengi kuliko askari.

Mwaka 1918, vita vikielekea mwisho, Paul Rabe na Karl Kindler wa Ujerumani walitangaza kwamba wameweza kuirudisha kwinotoksini kuwa kwinini. Mlima ule ambao molekuli haiupandi yenyewe, wao waliupandisha kwa hatua tatu, ya mwisho ikitumia unga wa alumini. Walieleza kwa ufupi mno. Mwaka 1942 Japani iliiteka Java, ambako Waholanzi walikuwa wakilima sehemu kubwa kabisa ya sinkona ya dunia, na majeshi ya Marekani na Uingereza yakabaki bila kwinini. Mwaka 1944 Robert Woodward na William Doering wakaijenga kwinotoksini kuanzia kampaundi rahisi, wakasema kwamba kutoka hapo Rabe amekwisha kuonyesha njia ya kwenda kwenye kwinini. Magazeti yakashangilia. Wao wenyewe hawakuipita njia ya Rabe hadi mwisho.

Je, njia ya Rabe ilipitika kweli? Gilbert Stork, aliyeijenga kwinini upya mwaka 2001 kwa njia yake, alitilia shaka hadharani. Mwaka 2008 Aaron Smith na Robert Williams wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado waliketi wakarudia kazi ya Rabe kwa vyombo vya zama zake. Mwanzoni walishindwa. Walipotumia unga wa alumini uliokaa wazi ukapata kutu kidogo, ukafanya kazi, na kwinini ikatoka. Ubishi huo uliishia kwenye kutu ya alumini. Mimi naiona hii kuwa mojawapo ya kazi nzuri kuliko zote katika kemia: hawakugundua kitu kipya, waliwarudishia marehemu wawili haki yao.

Kwinini bado ipo. Katika Kivu, mashariki mwa Kongo, sinkona bado hulimwa, na kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu kimekuwa kikitoa kwinini kwa miongo mingi. Hata hivyo dawa ya kwanza ya malaria katika zahanati za Tabora leo ni nyingine. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001, na mwaka 2006 ikaanza kutumia dawa mseto, ambayo nusu yake hutokana na artemisinini ya Uchina.

Tu Youyou na wenzake walipoitafuta dawa hiyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, walichemsha majani ya mmea wa artemisia kama Wachina walivyochemsha mitishamba mingine, na mara nyingi hawakupata nguvu yoyote. Tu akakumbuka maandishi ya kale yaliyosema majani yalowekwe katika maji na kukamuliwa, bila kutaja moto. Mwaka 1971 akatumia etha, kimiminiko kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, na dawa ikajitokeza. Joto lilikuwa likiivunja. Na ndani ya jani lenyewe dawa hiyo huzaliwa kwa kujipanga upya: mwanga na oksijeni ya hewa huiwekea molekuli mama oksijeni mbili zilizoshikana, asidi humkata jirani mmoja wa kaboni na oksijeni inaingia katikati, kisha oksijeni nyingine mbili zinaunganishwa, na pete zote zinafungika. Oksijeni hizi mbili za mwisho, zilizoshikana, ndizo zinazomuua kijidudu zikikutana na chuma cha damu. Mmenyuko wa aina ileile uliolibomoa tenga la kwinini katika chupa ya Pasteur ndio unaolijenga tenga la artemisinini juani.

Mwaka 1867 sanduku la dawa lilipotea na mpagazi, na Livingstone alijua limepotea. Molekuli ikijipanga upya ndani ya kidonge hakuna anayejua: uzito uleule, rangi pengine ileile, boksi lilelile. Tabora ya Septemba na Oktoba joto la mchana hupita nyuzi 30, na chini ya bati au karibu na jiko hupita zaidi. Soma upande wa boksi la dawa mseto, utakuta imeandikwa ihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Iweke kivulini, mahali pakavu, ndani ya karatasi yake, mbali na moto, na umalize dozi yote ya siku tatu.